Majibu Yanayolingana

Nakivale, 4 Februari 2024

Jocelyne, mtoto wa dada yangu,

Nakusalimia mara saba, moja kwa kila siku ya juma, usije ukasema mjomba wako alikusahau hata Jumanne. Jovan wa pikapu ya nyanya ameniletea maneno yako: nikuandikie kwa karatasi, na tena kwa Kiswahili, si Kirundi, kwa sababu kazi yako huko Mbarara ni kutafuta Kiswahili ambacho watu wa kambi hii ya wakimbizi wanakisema kweli. Hapo umefika kwa mwenye mali. Kiswahili nilikiokota Rumonge nikiwa mdogo, nikakinoa Uvira, na mwaka ule niliobeba matofali pale kambi ya jeshi ya Makenke, afande mmoja alinisikia nikiongea akauliza, "Huyu ametoka Zanzibar?" Wakapanga mstari wakanipigia saluti, mimi na tofali langu kichwani. Simu usinipigie. Ilianguka ziwani, sasa wanajibu samaki.

Habari kubwa: nimepasi. Watu wa mradi wenu walifika hapa nyumbani, yule binti Enid mwenye miwani, na karatasi ya maswali matano. Wanatafuta watu waliomaliza dawa za kifua kikuu, wajue tunaishi namna gani baada ya ugonjwa. Nikamwambia, "Binti, kifua changu kilikuwa kikuu tangu nizaliwe. Huo ugonjwa ulikuja kumtembelea ndugu yake." Alicheka mpaka kalamu ikaanguka.

Akauliza kutembea: bien kabisa, safi. Kuoga na kuvaa: bien kabisa. Kazi za kila siku, maumivu, wasiwasi: bien kabisa, bien kabisa, bien kabisa. Mwisho akatoa picha ya kipimo kirefu kama kile cha homa, chini sifuri, juu mia, akasema, "Mzee, nionyeshe afya yako ya leo iko fasi gani." Nikaweka kidole kwenye mia, nikamwuliza kama karatasi haina nafasi zaidi huko juu. Unajua shuleni kwa mapadri niliishia darasa la tano, na hesabu haikunipa hata siku moja zaidi ya arobaini na mbili. Leo nina mia, imeandikwa kwa kalamu ya mradi.

Mke wangu Mama Marcienne naye kapata mia. Alikuwa jikoni, mikono imejaa unga, basi nikajibu mimi kwa wote wawili. Tulimeza dawa pamoja miezi sita, tukamaliza siku moja, tumepona sawasawa. Yuko kama msichana. Jana aliimba.

Waambie hao wakubwa zako kwamba Nakivale kuna mtu.

Mimi mjomba wako,
Vénant

*

Mbarara, 17 Februari 2024

Mjomba Vénant,

Nimeipata barua, nimecheka, halafu nimeacha kucheka.

Naona kazi yetu hukuelezwa vizuri, acha nikueleze mimi. Tuna madodoso mawili. Moja ni fupi, ndilo lile la maswali matano na picha ya kipimo. Lingine ni refu, maswali thelathini na sita. Yote mawili yanasema yanapima kitu kimoja: mtu aliyepona kifua kikuu, maisha yake yamerudi kiasi gani? Kila mtu anaulizwa yote mawili, siku tofauti. Kisha sisi ofisini tunayaweka kando kwa kando tuone kama yanalingana. Fupi likionekana linatosha, litatumika peke yake kambi nzima. Ndiyo maana natafuta maneno: swali likitafsiriwa ovyo, mtu anajibu kitu kingine.

Mia si alama ya mtihani, mjomba. Hapa hakuna kupasi. Wale ambao majibu yao yataonyesha bado wana shida wataitwa Mbarara kupigwa picha ya mapafu na kufundishwa mazoezi ya kupumua. Anayejisifu anajifungia mlango mwenyewe. Na kila mtu ajibu kwa kinywa chake. Mimi majina siyaoni, naona namba tu, lakini nakuomba: Enid akirudi na lile refu, mwache Mama aseme mwenyewe.

Mama anaendeleaje? Usinijibu wewe. Mwambie aniandikie mstari mmoja. Noeli nilipokuja nilimwona akitoka jikoni kuja nyumbani, hatua kumi na tano labda. Alisimama mara mbili, akashika mlango kama mtu aliyesahau alichofuata. Nilipomwuliza alisema anatafuta kifuniko cha sufuria. Kifuniko alikuwa nacho mkononi.

Mimi simwiti Mama kwa heshima tu. Tulipofika Kabazana, mapokezi ya kambi, mwaka 2015, na mama yangu tumemwacha kaburini Burundi, yeye ndiye aliyekata blanketi yake katikati akanipa nusu.

Wako,
Jocelyne

*

Nakivale, 10 Machi 2024

Jocelyne,

Mstari wa Mama Marcienne ni huu: anakusalimia. Ameniambia mwenyewe hapa nikiandika.

Sasa sikiliza habari ya maneno, maana Enid amerudi na karatasi ndefu kama orodha ya wafu siku ya Misa ya Novemba. Mimi aliniuliza pale kituo cha afya. Swali moja linasema, "Je, afya yako inakuzuia kupanda ngazi?" Nani ana ngazi Nakivale? Ngazi ni moja, ya kanisani, ya kupandia kwenye kengele. Nikamjibu kwamba naipanda mbio, na nikifika juu napiga kengele kwa kichwa. Akaandika. Lingine likasema, "Wiki nne zilizopita, ni mara ngapi umejisikia mtulivu na mwenye amani?" Amani! Mtu aliyekimbia risasi unamwuliza kama ana amani? Nikasema hapa hakuna risasi, amani ipo kila siku, hata Jumapili inabaki. Andika kwenye daftari lako: ngazi na amani, hayo maneno yabadilishwe, aliyegundua ni Vénant.

Akauliza kuhusu kubeba vitu vizito. Nikamsimulia siku ile nilipotoka Kaberebere na magunia mawili ya mahindi, na mbuzi juu yake, na mbuzi mwenyewe alikuwa na mimba. Aliandika pembeni ya karatasi, nilimwona. Maswali thelathini na sita, mtoto wangu, na mimi bien kabisa toka la kwanza hadi la mwisho. Hakuna hata moja lililonipiga chenga.

Mama Marcienne yeye aliulizwa hapa nyumbani siku nyingine. Mimi sikuwepo, nilikuwa Kaberebere kwenye mashine ya kusaga, na foleni ilikuwa ndefu. Lakini nilikuwa nimemwambia asubuhi: sema kama mimi. Akasema sawa. Niliporudi nikamkuta amekaa mlangoni, ametulia, unga wa jana bado uko kwenye kinu. Nikauliza, "Mmemaliza?" Akasema, "Tumemaliza." Nikauliza, "Ulisema?" Akasema, "Nilisema."

Basi. Hesabu mia nyingine.

Vénant

*

Mbarara, 28 Machi 2024

Mjomba,

Barua hii uisome peke yako, kisha uichome. Siruhusiwi kuiandika. Nikikamatwa nayo kazi imekwisha.

Nimekwambia sioni majina. Lakini wiki hii nilikuwa nikilinganisha fomu moja moja, nikafika namba 041. Pembeni Enid ameandika: "Anasema alibeba magunia mawili na mbuzi mwenye mimba." Hata bila jina, mjomba. Nikafunua inayofuata, 042, mwanamke wa nyumba hiyo hiyo.

Dodoso fupi la 042 linasema mia. Hakuna shida ya kutembea, hakuna maumivu, hakuna wasiwasi. Hayo ni maneno yako.

Dodoso refu la 042 nakunakilia, kwa sababu Enid aliandika kama alivyosikia.

Kubeba vitu: "Ndoo naijaza nusu. Hata hivyo napumzika mara nne. Perpétue jirani ananimalizia nusu nyingine, namwambia mgongo unauma ili asijue ni kifua."

Kulala: "Nalala nimeegemea ukuta."

Ngazi: "Sijawahi kupanda ngazi. Lakini kile kilima cha kanisani sikipandi tena. Nakaa chini na wazee, nasikia kengele."

Ni mara ngapi ulijisikia una nguvu, wiki nne zilizopita: "Siku moja. Ilikuwa Jumatano."

Mwishoni, ambapo hakuna swali, Enid ameongeza: "Mhojiwa anashukuru kwa kuulizwa."

Jumla yake imekuja ishirini na moja kati ya mia.

Daktari Asuman, mkubwa wetu, anasema mtu mmoja hawezi kuwa mia na kuwa ishirini na moja. Ni makosa ya uandishi, karatasi zimechanganyika, 042 itolewe. Nimemwambia hazikuchanganyika, waliojibu ni watu wawili tofauti. Nimegombana naye mbele ya wenzangu. Amenipa muda: Enid atarudi hapo kwenu Jumatatu tarehe 15 Aprili, amwulize Mama yale matano upya, peke yake. Majibu yakilingana na lile refu, 042 inabaki, na Mama anaingia kwenye orodha ya picha ya mapafu. Orodha inafungwa mwisho wa Aprili.

Ninachokuomba ni kitu kimoja. Jumatatu hiyo nenda kokote. Nenda Kaberebere. Nenda ukapige kengele kwa kichwa. Usiwepo tu.

Jocelyne

*

Nakivale, 14 Aprili 2024, Jumapili

Jocelyne,

Mimi nimekasirika, lakini nakuandikia vizuri kwa sababu nina elimu.

Kwanza, mke wangu amenitia aibu kwenye karatasi ya watu. Nilimwuliza, "Marcienne, nilikwambia useme kama mimi, kwa nini ulisema kama wewe?" Siku nne sasa ananipakulia chakula na kunyamaza.

Pili, wewe unajua kusoma lakini hujui kambi. Jina letu liko kwenye watu wa safari, wakimbizi wanaohamishiwa ng'ambo. Kanada. Sikukwambia kwa sababu safari ikisemwa sana inaoza. Mwezi wa saba tunaitwa kuhojiwa, mimi, Mama Marcienne, na wewe pia niliandikisha, ukitaka. Sasa muulize Bonaventure wa kartie ya chini, huo mtaa wa bondeni. Mabegi yalifungwa, kuku waligawiwa majirani, halafu mkewe akakohoa mbele ya daktari, mara mbili tu, wakaambiwa subiri. Mwaka wa tatu huu wanasubiri, na kuku wameliwa. Karatasi zote za wazungu, mtoto wangu, zinalala kwenye kabati moja. Ile ya maswali matano, ile ya thelathini na sita, ile ya Kanada, zinalala pamoja na kusimuliana. Unafikiri mimi sikujua kwa nini naulizwa kama nina shida? Nilipoteza nyumba mbili kwenye maisha yangu. Siwezi kupoteza nchi nzima kwa sababu ya ndoo.

Kwa hiyo kesho sitaenda Kaberebere. Nitakaa kwenye kiti changu, mlangoni, na Enid akiuliza mimi nipo.

Tatu, na hapa utafurahi. Sikuichoma barua yako. Nani anachoma barua nzuri namna ile? Leo baada ya Misa watu walikuwa wakijivunia watoto wao, huyu wa Kampala, huyu wa Nairobi, na mwalimu Ngoga akasema wa kwako, Vénant, yuko Mbarara anafagia ofisi. Unafagia! Nikaitoa mfukoni nikaisoma, si yote, ile sehemu ya 041 ni mimi, na namna ulivyomgombeza daktari mkubwa mbele za watu. Watu walinyamaza kama kwenye Injili. Hata bwana Mutware, yule msimamizi wa mradi wenu hapa kambini, alikuwa amesimama nyuma. Aliomba aione kwa macho yake, akaipiga picha kwa simu, ukurasa kwa ukurasa. Ule mwandiko wako umemgusa sana.

Kwa hiyo umepanda cheo, na aliyekupandisha ni mimi.

Mjomba wako,
Vénant

*

Mbarara, 3 Mei 2024

Mjomba,

Mwandiko wangu ulimgusa kweli. Picha zilifika kwa Daktari Asuman Jumapili ile ile. Jumatatu Enid hakutumwa, safari yake ilifutwa asubuhi. Kwa hiyo ulikaa kwenye kiti chako bure.

Nimetoa siri ya mhojiwa, na hilo ni kosa, silikatai. Wameniondoa kwenye kulinganisha. Sasa napanga mafaili stoo mpaka mkataba uishe mwezi wa sita. Aliyekuwa akiitetea 042 ameondoka mezani, basi na 042 imeondolewa. Sababu iliyoandikwa: "majibu hayalingani." Orodha ya picha ya mapafu imefungwa tarehe 30. Mama hayumo.

Unataka kujua 041 ilikwendaje? Nakupa sifa yako. Kati ya watu mia moja na themanini, ya kwako ndiyo iliyolingana kuliko zote. Fupi mia, refu mia. Hakuna swali lililopishana na lingine. Daktari Asuman ameifanya mfano: imefutwa namba, imetolewa nakala, wataitumia kuwafundisha wahojaji wapya jinsi fomu iliyojazwa vizuri inavyoonekana. Na ripoti imekwisha kuandikwa. Inasema dodoso fupi linatosha, watu wa Nakivale wamepona vizuri, na lile refu halihitajiki tena.

Lile refu ndilo pekee lililomsikia Mama.

Kanada mimi sitaki, nifute. Jumamosi tarehe 11 nakuja na Jovan kumchukua Mama. Nimeomba nafasi ya kupigwa picha mahali pengine, nimepata kwa kubembeleza. Sitakaa kunywa chai. Mwambie afunge nguo zake, au usimwambie. Nitamwambia mwenyewe, kwa kinywa changu.

Jocelyne

*

Mbarara, 11 Juni 2024

Vénant,

Naandika mwenyewe. Jocelyne yuko kazini. Mwandiko wangu ni mbaya, utavumilia.

Picha imepigwa. Pafu la kushoto, chini, limesinyaa na kushikamana. Daktari wa hapa ni mama mtu mzima, anaitwa Babra. Alinionyesha kwenye mwanga: upande mmoja mweusi, upande mwingine kama moshi. Nikamwuliza litarudi lini. Akasema lililokwenda haliji. Angenipata mapema baada ya dawa kwisha, angeokoa zaidi. Sasa ananifundisha kupumua, mara mbili kwa wiki. Nina miaka arobaini na tisa, najifunza kupumua.

Nakaa kwa Jocelyne, chumba kimoja, karibu na Makenke. Hapa ni tambarare. Maji yako mlangoni. Wake za askari wananisalimia kwa Kiswahili chao cha kukata kata, "Mama, mzuri?", na mimi najibu, "Mzuri kidogo." Wanacheka. Hakuna anayekasirika.

Uliniuliza kwa nini nilisema kama mimi. Siku zile nne sikuwa na pumzi ya kukujibu, sasa ninayo kidogo. Yule binti alikaa chini kwenye mkeka, akaniangalia, akauliza, "Mama, unalala vizuri?" Halafu akangoja. Vénant, tumeoana miaka ishirini na sita. Tumezika watoto wawili. Tumevuka mpaka kwa miguu. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza nimelala vizuri halafu akangoja. Wewe ukiuliza unajibu mwenyewe. Nilikuwa nimekusudia kusema kama wewe, nakuapia. Lakini alipongoja, ikatoka.

Kitu kingine. Unakohoa. Unakwenda nyuma ya choo, unajifunga kanga yangu ya kijani mdomoni ili nisisikie. Nilikuwa nasikia. Na kanga ile nilikuwa naifua mimi. Sikukwambia kwa sababu ulikuwa unapenda kuwa mia.

Kanada nenda. Ukiulizwa mke yuko wapi, sema ukweli, kama unaujua. Mimi sirudi kwenye ile ndoo.

Marcienne

*

Nakivale, 21 Julai 2024

Marcienne,

Barua yako ilifika tangu mwezi uliopita. Nimeanza kuijibu mara tano. Mara zote nilianza na saluti ya Makenke, nikachana. Wewe unajua hawakunipigia saluti. Afande alinifukuza kwa sababu niliangusha matofali.

Nimekwenda kuhojiwa habari ya Kanada, tarehe 9. Nilivaa koti la harusi. Bwana mmoja na mkalimani. Wakauliza mke yuko wapi, nikasema Mbarara, anajifunza kupumua. Mkalimani akadhani amesikia vibaya, akaniomba nirudie. Nikarudia. Kisha nikawaambia wasiamini ile karatasi ya maswali matano, ya mwezi wa kwanza, kwamba ilijazwa na mimi kwa wote wawili, na kama kuna adhabu wanipe mimi. Yule bwana akafungua faili, akatazama, akafunga. Akauliza, "Fomu gani?"

Hawana, Marcienne. Hawajawahi kuiona. Hizo karatasi hazilali kwenye kabati moja. Hazijuani. Wao wana daktari wao na picha yao ya mapafu, na kila mtu anapigwa, atake asitake. Mtu akiwa na kovu la zamani anasubiri kidogo, anapimwa, anakwenda. Mke wa Bonaventure alikuwa na kitu kingine. Niliuliza mara tatu. Nilimdanganya mtu ambaye hakuwa anauliza.

Na mimi wamenipiga picha. Wameniambia subiri.

Nikamtafuta Enid. Nikamwambia nataka ile fomu ndefu, tupu, niijaze upya, polepole, swali kwa swali, na ile yako waifungue tena. Alikuwa na huruma, yule binti. Akasema, "Mzee, fomu ndefu zimerudishwa, hazitumiki tena. Na ya kwako hatuwezi kuigusa. Ya kwako ndiyo nzuri kuliko zote." Halafu akaniomba kitu. Alhamisi walikuwa na mafunzo ya wahojaji wapya, chini ya hema pale kituo cha afya, na Daktari Asuman angependa waone mtu mwenyewe, yule wa mfano, kama ninakubali. Ilinipasa niseme hapana. Unanijua. Nilipiga pasi shati.

Walikuwa vijana ishirini hivi, na karatasi yangu kila mmoja mkononi. Bila jina, lakini mimi nilikuwa nimesimama pale, jina la nini? Daktari Asuman akaniambia, "Mzee, waambie ile ya magunia." Nikawaambia. Nikaongeza gunia la tatu, sijui kwa nini. Akasema, "Waonyeshe unavyokaa na kusimama." Kulikuwa na kiti. Nikakaa, nikasimama. Mara ya tatu nikaona hema linazunguka. Nikafanya ya nne. Nikafanya ya tano. Wakanipigia makofi, Marcienne. Makofi ya watu waliosoma. Maisha yangu yote nimeyasubiri makofi ya namna ile, na yalipokuja nilikuwa nahesabu hatua za kufika nyuma ya gari la mradi, pale nje.

Nikafika. Kanga ya kijani sikuwa nayo, uliondoka nayo. Nikakohoa kwenye mkono wa shati mpaka nikakaa chini, kwenye vumbi, mgongo kwenye gurudumu. Nikasikia Daktari kule ndani anawaambia, "Mnaona? Majibu yanalingana."

Enid akaja kunitafuta. Akachuchumaa mbele yangu, akavua miwani, akaniangalia mkono wa shati. Akauliza, "Mzee, uko sawa?"

Halafu akangoja. Kama ulivyosema, alingoja kweli. Muda mrefu.

Unajua nilimjibu nini: bien kabisa.

Vénant